Herufi, Silabi na Kiambishi: Historia ya Mbinu za Kuandika kwa Watu Wenye Ulemavu wa Mawasiliano na Funzo Lake kwa Kiswahili nchini Rwanda

IKISIRI

Makala haya yanafuatilia historia ya mbinu za uingizaji matini zilizobuniwa kwa ajili ya watu wasioweza kuandika au kusema kwa njia iliyozoeleka, kuanzia mashine za mwanzo za kupiga chapa na nukta za breli hadi programu za kubashiri maneno. Yanaanzia Masaka, Kigali, ambako watu wazima wasioona hufundishwa breli, na yanarejea huko yakiwa na swali moja: kwa nini mbinu zilizoleta nafuu kubwa katika lugha nyingine hazijaleta nafuu ileile katika lugha zetu? Hoja kuu ni kwamba kila mbinu iliyofaulu ilitokana na mtu aliyeichunguza lugha yake kwa makini, akajua sauti zipi hutokea mara nyingi na zipi hufuatana. Kwa kutumia sentensi moja ya Kiswahili, makala yanaonyesha kwamba mpangilio unaofuata muundo wa silabi unaweza kupunguza kazi ya mwandikaji hadi karibu theluthi moja. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa taasisi za lugha na watunga sera wa Rwanda na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno makuu: uingizaji matini, ulemavu wa mawasiliano, breli, silabi, kiambishi, Masaka, Rwanda

1.0 Utangulizi

Masaka inayozungumziwa hapa si ule mji maarufu wa Uganda, bali ni sekta ya wilaya ya Kicukiro, pembezoni mwa Jiji la Kigali kwa upande wa mashariki. Hapo ndipo kilipo kituo cha mafunzo cha Umoja wa Wasioona wa Rwanda (RUB), umoja ulioanzishwa mwaka 1994. Wanaofika kituoni ni watu wazima, wengi wao wakiwa hawakupata nafasi ya kusoma walipokuwa watoto au walipoteza uwezo wa kuona ukubwani. Hufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe, kazi za nyumbani, kilimo na ufugaji, na hufundishwa kusoma na kuandika kwa breli. Masaka hiyohiyo ina hospitali, na ni huko ambako serikali ilipanga kuhamishia Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali (CHUK). Kwa hiyo katika eneo moja dogo wanakutana watu wa aina mbili ambao kwa kawaida hawazungumziwi pamoja: asiyeona anayejifunza kuandika upya, na mgonjwa aliyepoteza usemi ambaye hana njia ya kueleza anachohitaji.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 2008, unawaweka watu hao pamoja. Katika ibara yake ya 2, neno "mawasiliano" linajumuisha lugha, breli, mawasiliano ya kugusa, maandishi ya herufi kubwa, na njia saidizi na mbadala za kuwasiliana. Makala haya yanafuata maana hiyo pana. Yanapotaja ulemavu wa mawasiliano, yanamkusudia yeyote ambaye mwili wake hauruhusu lugha iliyomo akilini itoke kwa njia iliyozoeleka, awe haoni, awe na mtindio wa ubongo, au awe amepigwa na kiharusi.

Suala hili halikumjia mwandishi kutoka maktabani. Miaka kadhaa iliyopita alishiriki kumuuguza mjomba wake, aliyepoteza uwezo wa kutamka baada ya kiharusi huku akili yake ikibaki timamu. Katika hospitali waliyokuwamo hapakuwa na chombo chochote cha kumsaidia, hivyo familia ikachukua chati ya alfabeti ya mtoto wa darasa la kwanza. Mmoja alisoma herufi kuanzia A, na mgonjwa akafumba macho ilipofikiwa aliyoitaka. Siku ya kwanza alichagua N, kisha I. Kila aliyekuwa pale akaanza kukisia: nini? nipe? niite? Alipofumba macho kwa herufi ya G, mmoja akasema "nigaieni", na wote wakadhani anataka chakula. Muda mrefu ulipita kabla neno halijakamilika: "nigeuzeni". Alikuwa amelalia ubavu mmoja tangu alfajiri.

Kisa hicho kina makosa mawili ya kilugha. La kwanza ni kutumia mpangilio wa A hadi Z, ambao haukubuniwa kwa ajili ya kazi hiyo. La pili ni kukisia neno zima kutokana na mwanzo wake, katika lugha ambayo mwanzo wa kitenzi hautaji tendo bali humtaja mtendaji. Sehemu zinazofuata zinaonyesha kwamba makosa haya yana historia, na kwamba lugha nyingine zilishughulikia yaliyozihusu mapema.

2.0 Mashine zilizobuniwa kwa wasioona na viziwi

Watumiaji wengi wa kibodi hawajui kwamba ukoo wa chombo hicho una asili katika ulemavu. Mwanzoni mwa karne ya 19 nchini Italia, Pellegrino Turri alimtengenezea mashine ya kuandikia Carolina Fantoni, mwanamke wa tabaka la juu aliyekuwa haoni. Mashine yenyewe haikubaki, lakini baadhi ya barua zilizoandikwa kwayo zipo hadi leo, za mwanzo zikiwa za mwaka 1808. Lengo la Turri halikuwa kasi ya ofisini. Alitaka mtu aweze kuandika barua yake mwenyewe bila kumsomea karani siri zake.

Nusu karne baadaye, huko Copenhagen, Rasmus Malling-Hansen, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya viziwi, aliwaona wanafunzi wake wakitamka maneno kwa alama za vidole haraka kuliko walivyoweza kuyaandika kwa kalamu. Mwaka 1865 alianza kubuni mashine yenye umbo la mpira, iliyojaa vitufe upande wa juu, na kuanzia mwaka 1870 mashine hiyo ikatengenezwa na kuuzwa. Inaelezwa kwamba katika majaribio yake alitenga irabu upande mmoja na konsonanti upande mwingine, ili mikono miwili ipokezane. Mwaka 1882 mwanafalsafa Friedrich Nietzsche, ambaye macho yake yalikuwa yakidhoofika, aliinunua na kuitumia. Wazo la kutenga irabu na konsonanti halikudumu katika kibodi za baadaye, lakini tutalihitaji tutakapofika kwenye Kiswahili.

Historia ya breli ina funzo la kina zaidi. Kabla ya Louis Braille, Mfaransa mwingine, Charles Barbier, alikuwa amebuni maandishi ya nukta yaliyofuata sauti badala ya tahajia. Alipanga sauti za Kifaransa katika jedwali la mistari sita na safu sita, na kila sauti ikaonyeshwa kwa nukta zilizotaja mstari wake na safu yake. Braille, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uwezo wa kuona utotoni, aliujua mfumo huo akiwa mwanafunzi mjini Paris. Aliona kasoro mbili. Alama moja ingeweza kuwa na nukta kumi na mbili, nyingi mno kwa ncha ya kidole kuzihisi kwa mguso mmoja. Pia mfumo uliofuata sauti haukumfundisha mwanafunzi tahajia ya Kifaransa, ambayo iko mbali na matamshi yake. Kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amebuni alama za nukta sita zilizowakilisha herufi, na mwaka 1829 akazichapisha.

Uamuzi wa Braille ulikuwa sahihi kwa lugha yake. Hata hivyo inafaa tukumbuke sababu yake. Mfumo wa sauti ulikataliwa kwa kiasi fulani kwa sababu Kifaransa hakiandikwi kinavyotamkwa. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Pingamizi lililomshinda Barbier mjini Paris halina nguvu Zanzibar wala Kigali.

Baada ya alfabeti ya nukta kuja swali la kasi. Anayeandika kwa kibao na kalamu ya ncha hudunga nukta moja moja, tena kutoka kulia kwenda kushoto na kwa umbo lililogeuzwa, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto. Mwaka 1892 Frank Hall wa Illinois, Marekani, alitoa mashine yenye vitufe sita, kila nukta na kitufe chake, ambavyo hubonyezwa kwa pamoja. Mwaka 1951 mashine iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya Perkins ilianza kutolewa, na ndiyo ambayo imeenea katika shule za wasioona za Afrika Mashariki. Hapa kuna kanuni iliyo wazi: herufi ya nukta tano iliyohitaji midungo mitano sasa huandikwa kwa mbonyezo mmoja.

3.0 Waliohesabu herufi

Mkondo wa pili wa historia hii ni wa watu wasio na mikono ya kubonyeza wala sauti ya kusema. Kwao kila herufi ina gharama, na gharama hiyo huweza kupungua ikiwa tu zile zinazotumika sana zitawekwa karibu.

Kanuni hii ilikuwapo katika simu za maandishi za karne ya 19. Katika mfumo unaoitwa kwa jina la Morse, herufi E, inayotumika mno katika Kiingereza, ina nukta moja tu. Inasimuliwa kwamba mshirika wake, Alfred Vail, alipata wingi wa matumizi ya herufi kwa kwenda kiwanda cha uchapaji na kuangalia kila herufi ya risasi ilikuwa na vipande vingapi katika kasha lake. Mchapaji alijua takwimu za lugha yake kabla ya mwanaisimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Reg Maling alishiriki kubuni kifaa kilichojulikana kama POSSUM, neno ambalo kwa Kilatini humaanisha "naweza". Mgonjwa aliyepooza mwili mzima aliendesha vifaa, ikiwemo mashine ya kupiga chapa, kwa kupuliza na kuvuta hewa kwenye mrija. Mbinu ya kupitisha machaguo moja baada ya jingine mbele ya mtumiaji, naye akatoa ishara moja tu, imebaki kuwa msingi wa vifaa vingi vya aina hiyo hadi leo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, aliyepata kiharusi mwezi Desemba 1995 na kubaki na jicho la kushoto pekee la kuwasiliania. Msaidizi alimsomea herufi, naye akapepesa jicho. Hakusomewa alfabeti ya kawaida. Alisomewa orodha inayoanza kwa E, S, A, R, I, N, yaani herufi za Kifaransa kwa mfuatano wa wingi wa matumizi yake. Kwa njia hiyo aliimla kitabu kizima, kikachapishwa mwaka 1997, siku chache kabla ya kifo chake. Chombo chake hakikuwa na umeme wala gharama yoyote. Kilikuwa orodha ya herufi iliyopangwa na mtu anayejua Kifaransa.

Mwanafizikia Stephen Hawking, aliyepoteza sauti mwaka 1985, alitumia programu ya Walt Woltosz iliyomwezesha kuchagua maneno kwenye skrini kwa kubonyeza swichi. Baadaye, misuli ilipodhoofika na kasi yake kushuka hadi karibu neno moja kwa dakika, kampuni ya Intel ilimtengenezea mfumo mpya, uliotangazwa mwaka 2014, ambao ubashiri wake wa maneno ulijifunza kutokana na maandishi yake mwenyewe. Mashine ilihesabu Kiingereza, tena Kiingereza cha mtu mmoja.

Mtiririko huu umetufikia sote bila wengi kujua. Kampuni ya Tegic, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo iliyotoa ubashiri wa maneno unaojulikana kama T9 kwenye simu za vitufe. Mmoja wa waanzilishi wake, Cliff Kushler, alikuwa ametangulia kufanya kazi ya vifaa vya watu wasioweza kusema. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Nyamirambo aliyeandika ujumbe mfupi kwa simu ya vitufe vichache alikuwa akitumia chombo kilichoanza kwa ajili ya ulemavu. Wengi wetu tulizima ubashiri huo, kwa kuwa ulitupa maneno tusiyoyakusudia. Tuliuona kama kero ndogo. Kwa anayetumia kope moja kuandika, kero hiyo ni ukuta.

4.0 Afrika Mashariki na Rwanda: herufi zilifika, hesabu haikufika

Elimu ya breli iliingia katika eneo letu kupitia misheni. Nchini Kenya, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona ya Thika mwaka 1946. Huko Tanganyika, shule ya Buigiri karibu na Dodoma ilianzishwa mwaka 1950 chini ya kanisa la Kianglikana. Rwanda ilipata taasisi yake ya kwanza ya watu wenye ulemavu mwaka 1960, pale padri Joseph Fraipont, mzaliwa wa Ubelgiji aliyechukua jina la Ndagijimana, alipoanzisha kituo cha Gatagara. Baadaye kituo hicho kilipata matawi, likiwemo la Rwamagana linalohudumia watoto wasioona.

Zilizofika kwa njia hiyo ni alama za nukta sita, na zinatosha kuandika Kinyarwanda na Kiswahili, kwa kuwa lugha zote mbili hutumia herufi za Kilatini. Kisichofika ni uchumi wa alama hizo. Breli ya Kiingereza ina vifupisho vingi vinavyopunguza ukubwa wa vitabu na muda wa kusoma, navyo vilichaguliwa kwa kuangalia maneno na miishio ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Masaka anayeandika "tunawasaidia" kwa kibao na kalamu hudunga herufi zote kumi na mbili, hata zile sita za silabi "tuna-" na "wa-" ambazo hukariri kila siku katika maelfu ya vitenzi.

Upande wa sera haukulala. Rwanda ilitunga Sheria Na. 01/2007 ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka uliofuata ikajiunga na Mkataba tuliokwisha kuutaja. Mwaka 2017 Kiswahili kiliongezwa kisheria kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maamuzi hayo mawili, la lugha na la ulemavu, yamekwenda sambamba bila kukutana. Lugha rasmi ni ile ambayo raia anaweza kuitumia mbele ya ofisi ya umma. Kwa raia asiyeweza kusema, Kiswahili kitakuwa rasmi siku atakapopata njia ya kukiandika kwa muda unaovumilika.

Kigali pia imekuwa mstari wa mbele katika teknolojia ya usemi. Tangu mwaka 2019, Digital Umuganda imeshirikiana na mradi wa Common Voice wa Mozilla kukusanya sauti za Kinyarwanda, na mkusanyo huo umevuka saa 2,000, ukiwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote ya mradi huo. Kiswahili nacho kimeingizwa katika mradi huo. Kazi hiyo inastahili sifa. Asiyeona atafaidika nayo, kwani ataweza kuzungumza na mashine. Lakini asiyeweza kutamka hawezi kuchangia sauti yake wala kuifaidi mashine inayosubiri kusikia. Yeye anahitaji mlango mwingine, nao ni maandishi.

5.0 Kiswahili kikihesabiwa

5.1 Jaribio la sentensi moja

Tuchukue sentensi ambayo mgonjwa yeyote angeweza kuihitaji: "Ninasikia kiu, naomba maji." Ina herufi 22. Tuchukulie kwamba msaidizi anasoma orodha ya herufi kwa sauti, na mgonjwa anatoa ishara inapofikiwa anayoitaka, kisha orodha inaanza upya. Gharama ya herufi ni nafasi yake katika orodha. Nafasi kati ya maneno na alama za uakifishaji hatuzihesabu.

Njia ya kwanza ni chati ya A hadi Z yenye herufi 26. Humo N ni ya 14, S ni ya 19 na U ni ya 21. Jumla ya sentensi nzima ni visomwa 207. Tukikadiria sekunde moja kwa kila herufi inayosomwa, mgonjwa atahitaji karibu dakika tatu na nusu kuomba maji. Sehemu ya muda huo inapotea kwa Q, ambayo alfabeti ya Kiswahili sanifu haina kabisa.

Njia ya pili ni ya Bauby, yaani orodha inayofuata wingi wa matumizi. Katika Kiswahili herufi A huongoza kwa mbali, ikifuatwa na I na N. Mwandishi alitumia mpangilio huu: A, I, N, U, K, E, M, W, O, L, T, H, S, Y, Z, B, D, J, P, R, G, F, V, C. Mpangilio wa herufi za katikati na za mwisho unaweza kubadilika kidogo kwa kutegemea matini zilizohesabiwa. Jumla ya sentensi ileile ni visomwa 108, takriban nusu ya kwanza.

Njia ya tatu inatumia sifa ambayo Kifaransa na Kiingereza hazina kwa kiwango hiki: silabi wazi. Baada ya konsonanti ya Kiswahili, mara nyingi huja irabu, na irabu ni tano tu. Kwa hiyo orodha inagawanywa mara mbili. Mwanzoni mwa neno na baada ya irabu, msaidizi husoma konsonanti: N, K, M, W, L, T, H, S, Y, Z, B, D, J, P, R, G, F, V, C. Baada ya konsonanti husoma irabu: A, I, U, E, O. Inapotokea irabu mbili kufuatana, kama katika "kiu", au konsonanti mbili, kama katika "naomba", mgonjwa hutoa ishara ya kubadili orodha, nayo tunaihesabu kuwa moja. Jumla inashuka hadi 72.

Kwa ufupi, sentensi ileile inagharimu 207 kwa chati ya kawaida, 108 kwa orodha ya wingi wa matumizi, na 72 kwa orodha mbili za silabi. Dakika tatu na nusu zimekuwa dakika moja na sekunde 12. Sentensi moja haitoshi kutoa wastani wa lugha nzima, na utafiti wa matini nyingi unahitajika. Lakini chanzo cha nafuu hiyo ni muundo wa silabi, ambao upo katika sentensi zote, na msomaji anaweza kurudia hesabu hii kwa sentensi yake mwenyewe.

Yafaa kusisitiza kwamba mpangilio huu si mgeni kwetu. Kila aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili alipitia jedwali la ba, be, bi, bo, bu. Jedwali hilo lina umbo lilelile la jedwali la Barbier: mstari wa konsonanti, safu ya irabu, na machaguo mawili yanayotoa silabi nzima. Lilihifadhiwa katika vitabu vya darasa la kwanza kwa ajili ya watoto, huku thamani yake kama chombo cha kuandikia ikiwa haijaangaliwa.

5.2 Kubashiri viambishi kabla ya maneno

Kosa la pili la kitandani kwa mjomba lilikuwa kukisia neno zima. Programu nyingi za ubashiri hufanya kosa hilohilo, kwa kuwa zilizaliwa katika lugha ambazo herufi tatu za kwanza za neno hudokeza maana yake. Katika Kiswahili herufi tatu za kwanza za kitenzi aghalabu hudokeza nafsi na njeo. Nafsi sita zikiunganishwa na njeo nne za na-, li-, ta- na me- hutoa mianzo 24 ya kitenzi kimoja, hata kabla ya kuingiza yambwa, ukanushi, ngeli nyingine na minyambuliko. Hakuna orodha ya maneno mazima inayoweza kubeba "watatusaidia", "hawakunisaidia" na "mkimsaidia" kwa vitenzi vyote, na ikiweza, haitamsaidia mtumiaji kuchagua.

Lakini utajiri huohuo ukiangaliwa kwa jicho la mofolojia ni urahisi. Viambishi ni seti fungwa. Mtumiaji akishachagua nafsi miongoni mwa machache, anachagua njeo miongoni mwa machache, kisha yambwa ikihitajika, ndipo anafika kwenye mzizi. Hapo ndipo ubashiri unapaswa kuanza, kwa kuwa hapo ndipo maana ilipo. Angeulizwa kwanza "ni nani anatajwa?", kisha "ni tendo gani?", mjomba angefika kwenye -geuz- kabla ya kuchoka. Mbinu hii inahitaji korpasi iliyochambuliwa kwa mofimu, na wataalamu wa Kiswahili wana ujuzi wa kuiandaa. Kinyarwanda, ambacho pia ni lugha ya Kibantu chenye viambishi na silabi wazi, kinaweza kufuata kanuni ileile, ingawa mfuatano wa konsonanti katika maandishi yake utahitaji orodha yake yenyewe.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyopitiwa hapa inaonyesha watu wa aina moja wakijirudia: Braille, Malling-Hansen, aliyempangia Bauby herufi zake. Kila mmoja alikuwa karibu na mtu mwenye shida, au ndiye mwenye shida, na kila mmoja aliijua lugha aliyoishughulikia. Afrika Mashariki imepokea vyombo vyao. Bado haijafanya hesabu yao.

Kutokana na hayo, makala yanapendekeza mambo manne. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na vyuo vikuu, iandae na kutoa bure orodha za wingi wa matumizi ya herufi, silabi na viambishi vya Kiswahili, zitokane na matini za mazungumzo ya kila siku na si za magazeti pekee. Pili, Inteko y'Umuco, taasisi ya Rwanda inayoshughulikia lugha na utamaduni, ifanye kazi kama hiyo kwa Kinyarwanda, ili mgonjwa au mwanafunzi aweze kuhama kati ya lugha hizo mbili kwa jedwali la umbo moja. Tatu, hospitali ziwe na jedwali la silabi lililochapishwa kwenye karatasi ngumu, na wauguzi wafundishwe kulisoma. Gharama yake ni ndogo, na Masaka, penye hospitali na kituo cha mafunzo jirani, panafaa kuwa mahali pa kuanzia. Nne, jaribio lolote la aina hiyo liwashirikishe watumiaji wenyewe tangu mwanzo, wakiwemo walimu wa breli wa Masaka, ambao wanajua kuliko mtafiti yeyote ni wapi mkono wa mwanafunzi huchoka.

Pendekezo la tatu lingeweza kutekelezwa kabla mapendekezo mengine hayajajadiliwa. Linahitaji karatasi, wino na mtu mmoja aliye tayari kukaa kando ya kitanda na kusoma: N, K, M, W. Lugha iliyokwisha kupewa hadhi ya kisheria mwaka 2017 inadaiwa angalau hilo na raia wake wasioweza kuitamka.